Rosa Mistika na Kikosi cha Kisasi: Kipi Utakirudia?

Karibuni tena watazamaji wangu. Leo nina riwaya mbili mezani: Kikosi cha Kisasi ya Elvis Musiba, ya mwaka 1979, na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya 1971. Kama hujazisoma, nakutahadharisha mapema, nitagusa miisho.

Nianze na Musiba, maana anastahili heshima yake. Willy Gamba, jasusi wetu, anapambana na vibaraka wa Makaburu, na sura inakatika pale pale roho ikiwa juu juu. Unasema nimalize hii nilale, mara unasikia adhana ya alfajiri. Wengi walianza kupenda kusoma kwa vitabu vya namna hii, na anayevidharau mimi simwelewi. Ila ukishajua adui ni nani na nani kapona, rudi ukurasa wa kwanza uone. Swali lilikuwa moja, limeshajibiwa.

Sasa Rosa Mistika. Msidhani ni kitabu kizito! Ni chembamba, kinakwenda mbio, kukiweka chini ni kazi. Kwa hiyo suala la kasi tuliache, vyote viwili vinayo.

Tazameni mwanzoni, kule Namagondo, Ukerewe. Zakaria anagundua binti yake, Rosa, ana barua ya kijana anaitwa Charles. Anampiga vibaya sana. Ukisoma mara ya kwanza unamchukia huyu baba mlevi, unafunua ukurasa. Rosa anakwenda shule ya bweni, anakutana na wanaume ambao hata kuzungumza nao hakufundishwa, anapotea, na mwisho anajiua. Basi rudi kwenye kile kipigo. Maneno ni yale yale, lakini sasa unamwona baba anayeamini anamlinda mwanawe, na hapo hapo ndipo anapomharibu. Unamwona na mama yake Rosa, Regina, ambaye mwanzo ulimpita tu. Kesi ya Rosa na baba yake inafika mpaka mbele ya Mungu, na wewe umefunga kitabu bado unabishana nao. Hicho ndicho ninachokitafuta nikisema kitabu ni kizuri.

Kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni, na kweli kina mambo ya kikubwa, kwa hiyo mtoto wa msingi asubiri. Kijana wa sekondari mpe, ila nawe mzazi kisome.

Kama bajeti yako inatosha kitabu kimoja, chukua Rosa. Ukimaliza, kabla hujamwazima mtu, rudia sura ya kwanza, halafu niandikie hapo chini: Zakaria umemwonaje mara ya pili?