Squier Sonic Stratocaster HT: gitaa la bei nafuu la kupunguza hadi ibaki pikapu moja

Kama unatafuta gitaa la umeme la kufungua, kupunguza vitu na kulijenga upya kwa mkono wako, hili ni chaguo zuri kwa bei yake. Squier ni chapa ya bei nafuu ya Fender. Mfululizo wa Sonic ulitoka 2023, na Stratocaster yake ilianza kuuzwa Marekani kwa karibu dola 200. Ukiongeza usafiri na ushuru, bei ya Dar es Salaam au Nairobi inapanda, kwa hiyo la mitumba lililo zima lina maana zaidi kwa kazi hii. Kwa vyovyote unakwenda kulichokoa.

Herufi HT ndizo za kuangalia kabla ya kulipa. Ni kifupi cha hardtail. Maana yake daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi mwilini, limekazwa moja kwa moja kwenye mbao, halina springi wala mkono wa kutikisia. Gitaa la bei hii lenye springi hutoka kwenye tyuni kila ukivuta uzi, na mwisho wake fundi huliziba kwa kipande cha mbao ngumu nyuma ya daraja ili lisitembee. Nunua lililokwisha kukazwa, uokoe jioni nzima.

Na kabla hujaenda mbali: kuna toleo la kiwandani linaloitwa Sonic Stratocaster HT H, lenye pikapu moja (kifaa cha sumaku kinachonasa mtikisiko wa nyuzi) ya koili mbili na kitufe kimoja cha kuzungusha cha sauti. Kama shida yako ni gitaa jepesi la roki na hutaki kushika patasi, chukua hilo. Toleo la pikapu tatu linamfaa anayetaka kuchagua mwenyewe.

Mwili ni wa mbao ya poplar, mwembamba na mwepesi kuliko Stratocaster ya kawaida. Shingo ni ya maple, ina freti 21 (vile vyuma vinavyokatiza shingo), na urefu wa uzi kutoka nati, kile kipande cheupe chenye mikato sita kule kichwani, hadi daraja ni milimita 648 kama Stratocaster ya kawaida ya Fender. Shingo hii ndiyo unayolipia. Ni nyembamba kiganjani, haing'ati, na rangi yake ya nyuma haina mng'aro wa kunata jasho.

Mapungufu yako kingoni. Gitaa likitoka pwani kwenye unyevu likaenda Dodoma au Nairobi, mbao ya shingo husinyaa kidogo, chuma cha freti hakisinyai, na ncha zake huanza kukwaruza mkono. Bandika teipu ya karatasi kwenye mbao kati ya freti, kisha pitisha tupa laini kwa mlalo kando ya shingo, malizia na msasa namba 600. Usiharakishe upande wa uzi wa kwanza: ukila freti sana hapo, uzi utakuwa unateleza nje ya shingo kila ukiuvuta.

Kazi ya pili ni ile nati. Kwenye magitaa ya bei hii mikato huachwa juu mno, ndiyo maana kodi (chord) ya F huumiza na kusikika juu kidogo hata ukiwa umetyuni vizuri. Kipimo ni rahisi. Bonyeza uzi kwenye freti ya tatu, tazama nafasi kati ya uzi na freti ya kwanza. Inatakiwa uone upenyo mwembamba kama unywele. Ukiona kadi ya simu inapita, mkato uko juu. Shusha kwa tupa ndogo yenye upana wa uzi wenyewe, ukiiinamisha kuelekea kwenye funguo, mikwaruzo miwili mitatu kisha pima tena. Ukizidisha, uzi wazi utavuma juu ya freti ya kwanza. Jaza mkato kwa unga wa soda ya kuokea na tone la supagluu, uache ukauke, uanze tena. Ukimaliza, paka mikatoni unga wa penseli. Kelele ile ya "tink" unapokaza funguo ni uzi uliokwama kwenye nati, na wengi hulaumu funguo bure.

Sasa umeme. Legeza nyuzi, fungua skrubu za plastiki ya mbele, uigeuze taratibu kwa sababu waya za jeki (tundu la kuchomeka kebo) na ile ya ethi inayokwenda chini ya daraja ni fupi. Piga picha kwa simu kabla ya kukata kitu. Ndani kuna pikapu tatu za koili moja zenye sumaku za keramiki, vitufe vitatu na swichi ya nafasi tano. Hapa ndipo unapoamua unataka sauti gani.

Kwa solo ya dansi, sebene au benga, ambako kila noti inatakiwa isikike peke yake juu ya rithimu na besi, pikapu moja ya koili moja karibu na daraja inatosha, na ile iliyomo si mbaya hata kidogo. Kinachoifanya isikike butu ni vitu vilivyoizunguka. Ondoa vitufe viwili vya toni, ondoa swichi, peleka pikapu kwenye kitufe kimoja cha sauti cha kiloomu 250 na kutoka hapo moja kwa moja kwenye jeki. Toni ikiondoka, sauti za juu zinafunguka kidogo, kwa sababu kitufe cha toni hunyonya hata ukiwa umekifungua chote.

Kwa sauti nzito, weka pikapu ya koili mbili na kitufe cha kiloomu 500. Pima kwanza: nafasi kati ya uzi wa kwanza na wa sita, pale pikapu inapokaa. Ikiwa ni kama milimita 52, agiza pikapu ya nafasi pana. Kwa mfano pikapu ya JB ya kampuni ya Seymour Duncan huuzwa kama SH-4 kwa nafasi ya kawaida na TB-4 kwa pana. Angalia pia shimo la mwilini kabla ya kuagiza. Likiwa jembamba, lipanue kwa patasi kali, kidogo kidogo, ukianza kwa kukata rangi kwa kisu ili isipasuke kwa vipande.

Rangi za waya hubadilika kwa kampuni, na hapa wengi huchanganya. Kwa Seymour Duncan nyeusi ndiyo inayobeba sauti, nyekundu na nyeupe huunganishwa pamoja na kufungwa teipu, kijani na waya uchi huenda ethi. Kwa DiMarzio nyekundu hubeba sauti, nyeusi na nyeupe huunganishwa, kijani na uchi huenda ethi. Ukitumia mchoro wa kampuni moja kwa pikapu ya nyingine, utapata ukimya au sauti nyembamba ya ajabu, na utadhani umeuziwa pikapu mbovu.

Kitufe nacho kina mtego. Nunua chenye alama A, si B. Cha B hakibadilishi sauti karibu safari nzima, kisha huizima ghafla mwishoni. Vitufe vikubwa vizuri vinahitaji tundu la karibu milimita 9.5, na yale ya plastiki ya magitaa ya bei nafuu mara nyingi ni madogo. Panua kwa tupa ya duara, maana keekee hukamata plastiki na kuipasua. Kikiwa kimegeuzwa mgongo kwako na miguu ikitazama chini, mguu wa kushoto hupokea pikapu, wa katikati huenda kwenye ncha ya jeki, wa kulia huunganishwa na ethi kwenye mgongo wa kitufe. Ukibadilisha kushoto na kulia, sauti itapanda ukizungusha kinyume. Kwangua mgongo huo kwa msasa kabla ya kulehemu, na tumia chuma cha wati 40 au zaidi. Chuma dhaifu kinakaa muda mrefu, kinaunguza kitufe ndani, na bado lehemu inabaki kama tone lililokaa juu juu.

Ukishusha sauti na gitaa likasikika la matope, yaani butu, unganisha kapasita ya pikofaradi 680 na rezista ya kiloomu 150 sambamba, kati ya mguu wa kushoto na wa katikati. Shilingi chache, tofauti kubwa.

Kabla ya kufunga, chomeka kwenye ampu, yaani kikuza sauti, na gonga pikapu kwa bisibisi. Mvumo unaopungua ukigusa nyuzi ni wa kawaida. Mvumo unaoongezeka ukizigusa maana yake waya mbili za jeki zimebadilishana. Na ukipigwa shoti mdomoni ukisogelea maikrofoni huku umeshika nyuzi, acha kupiga papo hapo: ethi ya ampu au ya jengo ndiyo yenye kasoro, na kukata waya wa daraja ili kuikwepa ni kuficha hatari tu.

Matundu mawili yaliyobaki kwenye plastiki unaweza kuyaacha na pikapu zilizokufa. Gitaa maarufu la Eddie Van Halen, mpiga gitaa wa roki, lililoanza na mwili wa dola 50 na kufanya kazi kwa pikapu moja na kitufe kimoja, lilikuja kuwekewa pikapu ya bandia karibu na shingo, haijaunganishwa popote. Ukitaka usafi, chora plastiki ya zamani juu ya bamba la PVC la milimita 2 hadi 2.5 na ukate kwa msumeno wa waya. Vioo vya plastiki vinavyong'aa hupasuka kwenye matundu ya skrubu.

Rangi iache. Ni polyurethane nene, hula msasa, ukiipasha moto inatoa moshi mbaya, na poplar ya chini yake ina rangi ya kijivu-kijani isiyostahili kuonyeshwa. Ukichoka na rangi yake, ikwaruze kwa namba 400 na upulizie nyingine juu.

Poplar ni laini, kwa hiyo skrubu zilizofunguliwa mara nyingi hulegea. Jaza tundu kwa vijiti vya meno na gundi ya mbao, subiri hadi kesho, toboa upya, paka skrubu sabuni.

Mwisho weka nyuzi za unene wa 010 hadi 046 na upime. Bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na ya mwisho. Katikati ya shingo ibaki nafasi ya karibu milimita 0.25 kati ya uzi na freti. Geuza fimbo ya shingo (chuma kilichomo ndani yake cha kuinyoosha) kwa robo mzunguko tu kila mara. Kimo cha uzi juu ya freti ya 17 kiwe milimita 1.6, na pikapu ya koili mbili iwe mbali na nyuzi kwa kiasi hichohicho ukiwa umebonyeza freti ya mwisho. Kisha linganisha noti ya freti ya 12 na hamoniki yake (sauti inayotoka ukiugusa uzi tu bila kuubonyeza): iliyobonyezwa ikiwa juu, vuta nyuma kiti cha uzi kilicho kwenye daraja. Kwa mikoa ya pwani nunua seti mbili kabisa, na futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, maana hewa ya chumvi huzila upesi. Pikapu na swichi ulizotoa zifunge kwenye mfuko. Siku ya kuuza, mnunuzi atauliza ziko wapi.