Darasa la ICD-10 kwa kliniki ndogo: nyota 3, na 2 kati ya hizo ni za mama mmoja

Nimengoja mpaka Desemba hii ya 2015 ndo naandika rivyu, manake ningeandika Septemba siku tuliyomaliza darasa ningewapa zote tano, tulikua tumeshiba piza yao na kila mtu ana cheti mkononi. Jina la kampuni siliweki, ila kama unafanya kazi ya bili kwenye kliniki ndogo huku Texas najua mmeshapigiwa simu na watu wa aina yao mpaka mmechoka.

Kwa wasio na habari, kuanzia Oktoba 1, 2015 Marekani tumetoka ICD-9 tumeingia ICD-10, yani zile kodi (code, herufi na namba) tunazojaza kwenye klemu, yani madai ya malipo, ya bima kuonyesha mgonjwa anaumwa nini (nilipomwambia mama kwa simu kwamba nafundishwa kodi mpya akaniuliza, heh, TRA wamekufata mpaka huko?). Za magonjwa zilikua kama 14,000, mpya zilianza kama 69,000. Ilikua ianze 2013 ikasogezwa 2014, halafu Bunge la Marekani likaisogeza tena mwaka mmoja, ndo maana bosi wetu hakua na haraka kabisa, kila nikimkumbusha ananijibu "wataahirisha tu". Akaja kushtuka mwezi wa nane, tukalipa dola 1,900 kwa watu watano, siku mbili.

Siku ya kwanza bora ningebaki kwenye meza yangu. Alikuja kijana mmoja mchangamfu, masaa mawili anatuonyesha vichekesho tu, kuna kodi ya kupigwa na bata, W61.62XA, na kuna V97.33XD ya mtu aliyevutwa na injini ya jeti, na hiyo D mwishoni maana yake amerudi kuendelea na matibabu ya jeraha lile lile, yani injini imemmeza na bado ana miadi! Tulicheka kweli, siwezi kudanganya. Lakini wagonjwa wetu ni sukari, presha, migongo na watoto wa masikio, miaka sita niko pale sijaona wa bata. Baada ya chai akaingia kwenye PCS, zile kodi za upasuaji karibu 72,000, nikanyoosha mkono nikamuuliza kaka, si hizi ni za hospitali kwa wagonjwa waliolazwa, sisi wa nje si tunabaki na CPT yetu ile ile, kodi za huduma aliyopewa mgonjwa? Akasema ndio, ila ni vizuri kuzijua. Haya.

Siku ya pili akaja mama mmoja mtu mzima, miwani imening'inia kifuani, hana hata slaidi. Akasema nileteeni mafaili 20 ya wagonjwa wenu wa wiki iliyopita na daktari aje akae hapa. Faili la kwanza mtoto wa sikio. Daktari kaandika OM (otitis media, uvimbe wa sikio la kati), dawa, arudi baada ya siku 10, basi. Zamani hapo naweka 382.9 naendelea na mambo yangu. Mama akamgeukia daktari akamuuliza, sikio lipi? Daktari akacheka. Akamuuliza tena, sikio lipi daktari? Kimya. Akaandika ubaoni H66.91 kulia, H66.92 kushoto, H66.93 yote mawili, na H66.90 sikio halijatajwa, akasema wewe ndo uliyemulika ndani ya hilo sikio, huyu dada wa bili hakuwepo, sasa unataka abahatishe? Jamani nilitamani kumkumbatia. Miaka sita nalalamika kuhusu hizo notsi sisikilizwi, na mwandiko wa daktari wetu siugusii leo.

Presha alituambia tusihangaike nayo, ni I10 tu imeisha, na sukari ya aina ya pili isiyo na matatizo mengine ni E11.9, ila mgonjwa akisema miguu inawaka moto na daktari amekubali ni sukari imeshika neva, iandikwe hivo hivo, manake hiyo ina kodi yake. Kufika jioni mafaili 13 kati ya 20 yalikua na pengo ambalo mtu wa bili hawezi kuliziba. Akabandika karatasi kwenye kompyuta ya daktari: upande gani, ziara ya ngapi, chanzo nini. Mpaka leo ipo.

Sasa na hiyo programu yao ya kubadilisha kodi tuliyopewa kama bonasi, hapo ndo walinikera. Unaweka ya zamani inakupa mpya, raha, kumbe ya zamani ikiwa ya jumla na mpya inakuja ya jumla. Tuna mzee wetu Mkongo alirudi kutoka kusalimia Uvira akaugua malaria, karatasi ya maabara imeandika aina yake, falsiparam, kabisa, ambayo ni B50.9, lakini kwa sababu karatasi yetu ya zamani ilikua na 084.6 programu ikanirudishia B54, malaria isiyojulikana ni ipi. Na za majeraha ilikua inakata herufi ya saba, kama ile D ya jeti, kodi haijakamilika, klemu inarudi.

Simu ya msaada nayo waliahidi mpaka mwisho wa mwaka. Oktoba wiki ya kwanza klemu zangu 31 zikarudi, zote za wagonjwa wa mwisho wa Septemba. Nimekaa kwenye laini dakika 50 nasikiliza muziki, aliyepokea akaniambia nibadilishe zote ziwe ICD-10. Bahati nzuri sikumsikiliza. Kinachotazamwa ni tarehe mgonjwa alipoonwa, hata kama bili unaituma mwezi unaofuata, na kwenye fomu boksi la 21 kuna kialama kidogo unaweka 9 kwa kodi za zamani na 0 kwa mpya, mfumo wetu ulikua unapiga 0 kote. Hayo nimeyapata kwenye maelezo ya serikali ya bure, CMS, wakala wa serikali unaosimamia Medicare, walikua na ukurasa wao wa Road to 10 wa kliniki ndogo. Bure!

Na mkisikia Medicare, bima ya serikali ya wazee, waliahidi mwaka mzima wa kwanza, mpaka Oktoba 2016, hawatakataa klemu kwa kukosa undani tu, mradi kodi ni halali na familia ya ugonjwa ni sahihi, ni kweli, ila hiyo ilikua ya Medicare na ya mwaka huo tu, bima nyingine msizifananishe.

Niliwapigia kuuliza bei ya siku ya pili peke yake kwa ajili ya rafiki yangu, na awe mama yule yule, wakasema haiuzwi hivo, ni kifurushi. Nyota moja ni ya piza basi. Jana daktari katoka chumba namba 2, hata mlango hajafunga, ananipigia kelele mapokezi nzima inasikia: kushoto!