Synology DS224+ ndani ya nyumba ya Mji wa Kale Mombasa: boksi zuri, waifai ndo tabu

Nianze na hukumu kabisa msije mkashuka hadi chini mkitafuta nyota. Hili boksi la kuhifadhi video nalipatia nyota nne kati ya tano kwa nyumba yenye watu wengi na TV zaidi ya moja. Kama wakaa peke yako chumba kimoja Bamburi na TV yako ina tundu la USB, wallahi chomeka hard diski ya nje uangalie mambo yako, hela zilizobaki nunua godoro.

Kwa wasiolijua, DS224+ ni boksi dogo la kampuni ya Synology la kuhifadhia mafaili ya nyumba nzima, wenyewe waita NAS, lenye nafasi mbili za hard diski. Halina kioo wala tundu la HDMI, hulichomeki kwenye TV, walichomeka kwenye ruta kwa waya kisha TV, simu, laptopu na tableti za watoto zote zachota video kutoka hapo, hata kwa wakati mmoja. Ndani ni Intel Celeron J4125 ya kori nne, RAM yaja giga 2 na yaweza kuongezwa hadi 6, nyuma matundu mawili ya waya wa neti, gigabiti moja kwa sekunde kila moja. Lilipotoka 2023 bei ya Marekani ilikuwa karibu dola 300, na hapo ni boksi tupu jamani, diski wanunua mbali, na likishafika huku kila mtu aongeza chake. Mtu akikutajia bei ya boksi, wewe piga hesabu mara mbili ndo ukae.

Sisi twaweka nini humo? Harusi. Mambo ya movi za kwenye flashi nawaachia wenyewe. Familia yetu ni kubwa na kila harusi ina video zake, na harusi za kwetu mwazijua, kuna nikaha ambayo hata balozi akitaka aitazame, halafu kuna kupamba, wanawake watupu, wamejipamba wamevua mabuibui, simu zaachwa mlangoni, anayerekodi ni mwanamke. Hiyo video waiweka wapi? Youtube hapana, kwenye grupu la Whatsapp ndo usiseme, na hata kule kwenye hifadhi za mtandaoni za kulipia mamangu hakubali, asema kompyuta ya watu wasiojulikana ni ya watu wasiojulikana. DVD zenyewe nazo zaanza kukwaruza na kuota madoa kwa hewa yetu hii ya chumvi. Kwa hiyo kisa cha kununua boksi kilikuwa hicho wala si mbwembwe.

Na hapo ndo lilipochukua nyota zake. Kila mtu nimemfungulia akaunti yake, na kila fungu la video waamua nani alione. Mamangu, shangazi na madada wakiingia waona kupamba zote kwa majina na miaka. Ndugu zangu wanaume wakiingia wao waona nikaha, mpira na katuni za watoto, lile fungu jengine halitokei kabisa, si kwamba limefungwa kwa kufuli, halipo tu. Ami alipoambiwa hivyo akasema mashallah, akaomba la kwake nalo liwe na siri, sijui anataka kuficha nini.

Sasa tuje kwenye tabu. Nyumba zetu za Mji wa Kale ni mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta mnene mpaka wawekewa vidaka ndani yake, na waifai kwa ukuta huo haina ubavu. Ruta iko chini ukumbini, TV ya mamangu iko juu, hapo mwanzo ukiweka video nzito kile kiduara chazunguka, picha yaenda hatua mbili, yasimama, yaenda, na wote wanakugeukia wewe uliyewanunuza kitu. Watu hulaumu boksi ila hebu tazama hesabu: boksi latoa hadi gigabiti moja kwa sekunde, yaani megabiti 1,000, DVD haili hata megabiti 11, Blu-ray ya kawaida kikomo chake ni megabiti 54, na hata Blu-ray ya 4K haifiki 150. Boksi hapo lalala usingizi, njia ndo iliyoziba. Tukamwita fundi akapitisha waya wa neti wa Cat6 kando ya ngazi, mbali na nyaya za stima, akatoboa tundu moja tu maana babangu alisimama hapo akilinda ukuta wake, na kiduara hakijaonekana tena. Gharama ya waya na fundi hata haifiki robo ya diski moja. Kama nyumba yako ni ya bloku Nyali au fleti Tudor labda waifai ya 5GHz yakutosha, kwetu sisi haikutosha.

Angalizo kwa wenye faili zile za 4K nzito kabisa: TV nyingi, hata za bei mbaya, tundu lao la waya ni la megabiti 100 tu, kwa hivyo kama TV iko chumba kimoja na ruta, waifai yaweza kuushinda waya. Kwa harusi na katuni megabiti 100 yatosha na kubaki.

La pili ni lile la faili ambalo TV hailijui. Faili likiwa kwa fomati ambayo TV yaielewa, boksi lalisukuma tu kama lilivyo, kazi nyepesi, hata watu wanne kwa pamoja. Isipoielewa, boksi lazima liigeuze hapo hapo huku video ikienda, wenyewe waita kutranskodi, na hiyo ndo kazi nzito. Sababu ya kuchukua hili na si lile dogo lake la DS223j ndo hiyo, J4125 ina Quick Sync, ile sehemu ya Intel ya kugeuza video, na fomati za video za H.264 na HEVC yaziweza bila jasho. Fomati ya AV1 haimo, ujue. Vitu viwili vya kuchunga: TV nyingi siku hizi hazichezi sauti ya fomati ya DTS, waona picha lakini sauti hakuna, sauti peke yake kuigeuza si kazi. Na sabtaito zile za Blu-ray ambazo ni picha, si maandishi, mara nyingi zalazimisha video nzima igeuzwe, kwa hiyo tafuta sabtaito za SRT, zile za maandishi, uishi kwa amani.

Nyota niliyoikata ni ya programu. Zamani Synology walikuwa na Video Station yao, waiwasha basi, lakini kwenye DSM (mfumo unaoendesha boksi) toleo la 7.2.2 la 2024 wameiondoa, kwa hivyo boksi likitoka kwenye kartoni halina programu yao ya video ya maana, yataka uitafute nje, na asiye na mtu wa mambo haya nyumbani atakwama hapo. Chaguo ni Plex au Jellyfin. Plex ni nzuri kwa macho na apu yake iko karibu kila TV, ila kutranskodi kwa kutumia hiyo Quick Sync yataka Plex Pass ya kulipia, na tangu mwisho wa Aprili 2025 hata kutazama ukiwa nje ya nyumba nako kwalipiwa. Jellyfin ni bure yote, ilizaliwa 2018 kutoka kwa programu nyengine ya video iitwayo Emby, akaunti zakaa ndani ya boksi lako mwenyewe. Mimi nimeiweka kupitia Container Manager, programu ya Synology ya kuendesha programu za nje ndani ya kontena, na ukifanya hivyo kumbuka kuipa kontena ruhusa ya /dev/dri la sivyo Quick Sync haitaonekana na prosesa itafanya kazi ya punda. Sura ya Jellyfin si nzuri kama ya Plex, mamangu hajali, yeye ataka apate harusi ya binti yake kwa vidole viwili.

Na ile ya akaunti kukaa ndani si jambo dogo. Nyaya za baharini zatua hapa hapa Mombasa, SEACOM, TEAMS, EASSy, na bado Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipokatika huko kusini intaneti ikawa ya kubembeleza. Video iliyo ndani ya nyumba haina habari na bahari. Ruta ikiwa na stima tu, watazama.

Stima yenyewe sasa. Boksi latumia kama wati 15 likifanya kazi, kitu kidogo, ila diski zikikatiwa stima ghafla ghafla si afya, kwa hivyo weka UPS, ile betri ya akiba, ukiiunganisha kwa USB boksi lajua betri yaisha na lajizima lenyewe kwa adabu. Ruta nayo iweke kwenye UPS hiyo hiyo. Na usilitie kidakani ukaliegemeza ukutani hata kama lapendeza hapo, feni iko nyuma, na joto la Machi mwalijua.

Khaloo yuko Muscat na naye alitaka harusi zake. Kampuni nyingi za intaneti ya nyumbani hazikupi anwani ya intaneti yako peke yako, mwagawana na majirani, kwa hivyo kufungua mlango kwenye ruta ili wa nje aingie hakusaidii. Tailscale, programu ya kuunganisha vifaa vyenu kwa njia ya siri kupitia intaneti, yafanya kazi, iko kwenye duka la programu la Synology lenyewe, ila sasa kinachoamua ni spidi yako ya kupandisha, si ya kushusha, nimemwekea ubora wa chini akatosheka.

Diski chukua zile za NAS, WD Red Plus au Seagate IronWolf. WD Red isiyo na hiyo Plus mara nyingi ina muundo wa SMR, njia ya kuandika data kwa kupandanisha, ambao haufai kazi hii, soma kartoni vizuri dukani. Mbili za terabaiti 4 zikiwekwa kama pacha wapata 4 na si 8, moja ikifa nyengine yaendelea, lakini ukifuta video kwa mkono wako yafutika kote kuwili, kwa hiyo nakala ya harusi iko pia kwenye diski ya nje, kabatini kwa shangazi Kizingo.