Siku tano za mafundisho ya mchana kuhusu ghadhabu ya Mungu

Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa nilihudhuria mafundisho ya saa saba mchana katika kanisa moja la katikati ya jiji la Nairobi, hatua chache kutoka barabara ya Tom Mboya. Mada ya juma hilo, ghadhabu ya Mungu na toba ya kila siku, ndiyo iliyonivuta, kwa kuwa ni miaka mingi sijaisikia ikifundishwa kwa utulivu. Ama hupigiwa kelele ili watu watishike, ama hurukwa kabisa ili wasikwazike.

Mwalimu alianzia Warumi sura ya 2, pale Paulo anaposema kwamba mwenye moyo usio na toba hujiwekea akiba ya hasira. Kwetu sisi tunaochangia SACCO kila mwezi, neno akiba halikuhitaji kufafanuliwa, maana kinachowekwa kidogo kidogo hukua bila mwenyewe kukiona. Akaeleza kuwa Mkristo hutubu kila siku si kwa sababu wokovu wake humponyoka kila jioni, kwani Warumi 5:9 inasema tutaokolewa na ghadhabu kwa Kristo, bali kwa sababu dhambi isiyoungamwa hugumisha moyo, na moyo mgumu haumsikii tena Mungu anapouita. Alitufikisha pia Kutoka 34:6, ambapo maneno "si mwepesi wa hasira" katika Kiebrania ni "mrefu wa pua", kwa kuwa Waebrania waliiona hasira puani. Ningependa angeongeza kwamba hata neno letu toba, lililotoka katika Kiarabu, asili yake ni kurudi.

Siku iliyonigusa zaidi ni Jumatano. Kila mmoja alipewa kipande cha karatasi, akaombwa aandike kosa moja la jana, alitaje kwa jina lake, na asitumie neno "kama". Tumezoea kusimama mbele ya watu na kusema, "Kama kuna mtu niliyemkosea, anisamehe," na mwalimu alisema kwa upole kwamba maneno hayo hayajaungama chochote. Alitukumbusha ndugu wa Uamsho, ule ulioenea Afrika Mashariki kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ambao kwao kutembea nuruni kulikuwa kumwendea jirani na kumwambia, nilikuibia kitu fulani. Mimi ni fundi cherehani. Nilikaa na kalamu mkononi kwa muda mrefu, kisha nikaandika kwamba nilimwambia mteja kitambaa cha sare ya mwanawe kimeisha, ilhali nusu mita ilikuwa imekunjwa chini ya meza yangu. Karatasi hazikukusanywa wala kusomwa, na naushukuru sana uamuzi huo. Jioni ile ile nilimpigia mteja simu.

Upungufu niliouona ni wa Alhamisi, na ni mkubwa. Mama mmoja aliuliza iwapo kifo cha mtoto wake kilikuwa ghadhabu ya Mungu juu yake, na jibu alilopewa lilikuwa maombi mafupi, kisha tukafunga kwa sababu muda ulikuwa umekwisha. Luka 13 ilikuwa inamngoja. Pale Yesu anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, anakana waziwazi kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenzao, halafu anawaambia wote wanaomsikiliza watubu. Anayefundisha ghadhabu bila kifungu hicho humwachia mfiwa mzigo ambao Bwana mwenyewe alikataa kumtwika, na mama huyo alistahili kuambiwa hivyo kabla hajatoka mlangoni. Ijumaa sikumwona.

Hakuna kiingilio, na sadaka hutolewa kwa hiari, mkononi au kwa M-Pesa. Mafundisho huisha saa nane kasorobo, hivyo aliyeajiriwa hurudi kazini kwa wakati. Viti vya upande wa kulia viko karibu na madirisha yanayotazama stendi ya matatu, na honi humeza nusu ya maneno. Ni afadhali kufika mapema na kukaa kushoto. Nitarudi juma lijalo, na nimekwisha kumwomba mwalimu aanze na swali la yule mama.