Uzoefu wangu na OLAMS: mfumo wa mikopo ya elimu ya juu unavyosoma vyeti vya yatima na namba za kaya za TASAF

Kila dirisha la mikopo linapofunguliwa nasaidia waombaji kujaza fomu steshenari, na wengi wanaokuja kwangu ni yatima, wenye ulemavu au watoto wa kaya zinazohudumiwa na TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Hapa naeleza OLAMS, mfumo wa maombi wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), kwa upande mmoja tu: jinsi unavyotumia taarifa zilizo kwenye taasisi nyingine za serikali kumtambua mwenye uhitaji. Mimi naukubali. Mtoto ambaye karatasi zake zinakubaliana anamaliza maombi haraka bila kumpigia mtu magoti. Ambaye hazikubaliani, kazi yake kubwa iko nje ya mfumo, kwenye ofisi za usajili, na inapaswa kuanza miezi kadhaa kabla dirisha halijafunguliwa.

Maombi yako yanasimama juu ya kumbukumbu za taasisi kadhaa. Jina na matokeo vinatoka Baraza la Mitihani (NECTA). Kuzaliwa kwako na vifo vya wazazi vinathibitishwa na RITA, wakala unaosajili vizazi na vifo, kwa Tanzania Bara, na ZCSRA, wakala wa kazi hiyo hiyo, kwa Zanzibar. Umaskini wa kaya unaonyeshwa na namba ya kaya ya TASAF. Utambulisho unatoka NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, au ni ZanID, kitambulisho cha Mzanzibari, kwa walioko visiwani. Baadaye chuo nacho kinaleta taarifa za udahili. Taasisi hizi zilianza kila moja kwa wakati wake na kwa kazi yake. NECTA ipo tangu 1973, TASAF tangu 2000, NIDA tangu 2008. Hazikuwahi kukaa pamoja na kukubaliana mtoto mmoja aandikweje, na matatizo karibu yote ninayoyaona yanaanzia hapo.

Nguzo ya kila kitu ni namba ya mtihani wa kidato cha nne. Unaiingiza kwa mpangilio wa S, namba ya shule, namba ya mtahiniwa na mwaka. Waliofanya mtihani kama watahiniwa wa kujitegemea wanaanza na P. Ukiingiza, jina linakuja lenyewe kutoka NECTA. Hii ni faida kubwa, kwa sababu hakuna tena kupeleka nakala ya cheti cha kidato cha nne ikagongwe mhuri, na hakuna atakayeomba kwa matokeo ya mwingine. Lakini maana yake ni kwamba jina lililo kwenye matokeo ndilo jina lako mbele ya Bodi, na vyeti vingine vyote vitapimwa kwa hilo. Aliyerudia mtihani awe mwangalifu zaidi: namba anayoombea mkopo iwe ile ile aliyoombea udahili chuoni. Akitumia namba mbili tofauti, chuo kitapeleka jina la mwanafunzi ambaye Bodi haimwoni kwenye orodha yake ya waombaji.

Jina hilo halikuandikwa siku ya mtihani. Kwa kawaida lilianza shule ya msingi, mwalimu alipomwandikisha mtoto na kumpa namba ya PReM, yaani namba ya mwanafunzi kwenye mfumo wa kumbukumbu za shule, likaendelea nalo hadi sekondari. Kama mlezi aliyempeleka darasa la kwanza alikuwa mjomba na akatoa jina la ukoo wa mjomba, ndilo litakalokuja kwenye OLAMS miaka mingi baadaye. Kabla ya usajili wa mtihani kukamilika, marekebisho yanafanyika kupitia shule. Matokeo yakishatoka, jina linabaki kama lilivyo, na kinachowezekana ni kurekebisha karatasi nyingine zilifuate, au kupata hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati.

Kwa hiyo, kazi ya kwanza kabla hujalipa hata shilingi: weka mezani matokeo ya kidato cha nne, cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA na, kama ni yatima, vyeti vya vifo. Soma herufi kwa herufi. Tuseme matokeo yanasema Mwajuma Hamis Said, cheti cha kuzaliwa kinasema Mwajuma Hamisi Saidi Mkumba, na NIDA ni Mwajuma Hamisi Mkumba. Nyumbani hakuna anayeona tatizo. Ni binti yule yule. Kwa anayelinganisha kumbukumbu hao ni watu watatu. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa kwa mpangilio wa mwaka, mwezi na siku. Zisome hapo hapo uzilinganishe na cheti. Tarehe zikitofautiana, utalijua tatizo mapema kuliko mfumo.

Sasa yatima, kwa sababu hapa ndipo pana mengi.

Kinachothibitisha uyatima ni vyeti viwili vikisomwa pamoja. Cheti cha kifo peke yake kinasema tu kwamba mtu fulani amefariki. Hakisemi alikuwa baba wa nani. Karatasi inayokuunganisha na marehemu ni cheti chako cha kuzaliwa, pale palipoandikwa jina la baba na la mama. Jina hilo na jina lililo kwenye cheti cha kifo yasipofanana, wewe ni mtoto wa mtu mmoja na umeleta kifo cha mtu mwingine. Hali hii ni ya kawaida mno: cheti cha kuzaliwa kimeandika Hamisi Saidi, cheti cha kifo kimeandika Hamisi Mkumba kwa sababu ndugu aliyekwenda kusajili alilitaja jina la ukoo alilozoea. Kwa akina mama ni zaidi, kwa kuwa mama huandikwa kwa jina la baba yake kwenye cheti cha mtoto, kisha kwa jina la mume kwenye cheti cha kifo.

Tatizo jingine ni kwamba cheti cha kifo hakipo kabisa. Familia nyingi zinatunza kibali cha mazishi zikiamini ndicho cheti. Sicho. Kibali kinaruhusu kuzika; cheti kinatokana na kifo kusajiliwa. Sheria inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30 na kizazi ndani ya siku 90. Muda ukipita usajili bado unawezekana, ila unahitaji vielelezo: tangazo la kifo kutoka hospitali, au barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa kama alifia nyumbani, na kibali cha mazishi kama kipo. Kwa cheti cha kuzaliwa kilichochelewa huombwa vitu kama kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo na cheti cha kumaliza shule ya msingi. Kwa Bara usajili wa wilaya unafanyika kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya, na unaanzia wilaya tukio lilipotokea. Mtoto aliyezaliwa Kasulu akalelewa Mbagala, kumbukumbu yake ipo Kasulu.

Vyeti vikishapatikana, unaviwasilisha RITA kwa uhakiki. Unafungua akaunti kwenye mfumo wao wa eRITA, unapakia nakala iliyoskaniwa, unalipia kwa kumbukumbu namba ya malipo (control number), kisha unasubiri majibu. Vyeti vilivyotolewa kwa mfumo wa kompyuta kwa kawaida havisumbui. Vya zamani vilivyoandikwa kwa mkono vinachelewa, kwa sababu lazima ingizo, yaani mstari ulioandikwa tukio liliposajiliwa, litafutwe kwenye daftari la wilaya. Makosa ninayoyaona zaidi ni haya: cheti kimepigwa picha kwa simu kikiwa kimekunjwa, namba ya ingizo haisomeki, upande mmoja umekatwa, au mwombaji anapakia kwenye OLAMS risiti ya malipo akidhani ndiyo majibu ya uhakiki. Tumia skana, weka cheti chote hadi kingo zake nne, na kabla ya kutuma fungua faili ulisome kama mtu asiyekujua. Waliozaliwa nje ya nchi, au ambao mzazi wao alifia nje, hawana ingizo kwenye daftari la hapa. Hao huomba barua ya uthibitisho kutoka RITA au ZCSRA, nayo ichukuliwe mapema.

Uhakiki huu ni jambo jema na nautetea kila mara wazazi wanapolalamika. Fungu la fedha lina mwisho, na kila anayejifanya yatima kwa cheti cha kughushi anachukua nafasi ya yatima wa kweli. Ninachopinga ni mzigo wa gharama ulivyokaa. Mtoto mwenye wazazi wawili analipia uhakiki wa cheti kimoja. Aliyefiwa na wote wawili analipia vitatu. Juu ya hapo kuna ada ya maombi ya mkopo, shilingi 30,000, ambayo hairudishwi. Anayehitaji zaidi analipa zaidi ili aonekane. Kama kumbukumbu ya kifo iko RITA na jina la mzazi liko kwenye ingizo la kizazi huko huko RITA, mtoto angetakiwa kutoa namba ya ingizo lake tu, mifumo ikaulizana yenyewe.

Kwa kaya za TASAF mambo ni mepesi zaidi, ila pana mtego mmoja. Namba ya kaya peke yake haitoshi kama jina lako halimo kwenye orodha ya wanakaya. Bibi ndiye mpokeaji wa ruzuku, kaya iliandikishwa kabla mjukuu hajahamia kwake, au mtoto alikuwa bweni siku ya uandikishaji akasahaulika. Mwombe bibi kitambulisho chake cha mnufaika, nenda naye kwa mtendaji na kwa wanakamati wanaosimamia mpango kijijini au mtaani, uulize wanakaya walioorodheshwa ni nani. Kama haumo, omba taarifa za kaya zihuishwe. Usisubiri dirisha lifunguliwe.

Wenye ulemavu bado wanategemea karatasi: fomu ya kuthibitisha ulemavu, isainiwe na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Hakikisha ina jina la daktari, sahihi na mhuri wa ofisi. Mhuri wa zahanati hautoshi.

Kujaza kwenyewe hakuchukui muda ukiwa umejipanga. Unafungua akaunti kwa namba ya mtihani, unapata kumbukumbu namba, unalipa kwa simu au benki, unajaza taarifa za wazazi, za mdhamini na za akaunti ya benki, unapakia vielelezo, kisha unachapisha fomu. Fomu inasainiwa na mwombaji na mdhamini, inapita serikali ya mtaa, kijiji au shehia, halafu kwa Kamishna wa Viapo. Kurasa za sahihi zinaskaniwa na kupakiwa tena, ndipo unabonyeza kutuma. Wako wanaoishia kwenye kulipa, na wako wanaopakia kurasa wakasahau kutuma. Bodi imekuwa ikitoa muda wa kurekebisha kwa maombi yenye upungufu, lakini ombi ambalo halikutumwa halina cha kurekebishwa. Masharti hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo soma mwongozo wa mwaka husika, ambao Bodi huutoa pia kwa Kiswahili.

Kuna jambo ambalo sisi wa steshenari tunapaswa kulisimamia wenyewe. Fomu moja ya OLAMS imebeba vifo vya wazazi, ulemavu, umaskini wa kaya, namba za vitambulisho na akaunti ya benki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na inatuhusu pia sisi tunaoshika kompyuta. Mwombaji aweke namba yake ya simu, barua pepe yake na nywila yake mwenyewe. Anayekubali namba ya mhudumu itumike, ujumbe wa Bodi utaingia kwenye simu ya mtu aliyemsahau zamani, na akiwa chuoni atashindwa kuingia kwenye akaunti yake. Kabla hujaondoka, taka faili zako zifutwe kwenye kompyuta, pamoja na zile zilizobaki kwenye folda ya vilivyopakuliwa na kwenye kumbukumbu ya skana.

Orodha za mgawo zikitoka kwa awamu na jina lako halimo, au kiasi ni kidogo kuliko hali yako, subiri dirisha la rufaa. Rufaa yenye nguvu ni ile inayoleta kitu ambacho mfumo haukukiona mara ya kwanza: cheti cha kifo kilichohakikiwa baada ya dirisha kufungwa, namba ya kaya iliyohuishwa, fomu ya ulemavu iliyosainiwa ipasavyo. Kurudia maelezo yale yale kwa barua ndefu hakubadilishi taarifa zilizomo.

Na mlezi mwenye mtoto yatima aliye kidato cha tatu leo: nenda shuleni wiki hii na cheti chake cha kuzaliwa mkononi, mwombe mwalimu wa taaluma akuonyeshe jina lilivyo kwenye PReM. Kama cheti hakipo, anza nacho kabla usajili wa kidato cha nne haujafungwa.