Torrey Pines 2008: itazame nzima, achana na vipande

Ninachokipima hapa hakiuzwi. Ni rekodi ya matangazo ya US Open ya gofu ya mwaka 2008, siku ya mwisho pamoja na marudiano ya Jumatatu, ambayo wenye mashindano, yaani USGA, chama cha gofu cha Marekani, wameiweka YouTube kwenye chaneli yao, bure kwa mwenye bando. Sisemi vile vipande vya dakika chache vinavyozunguka kwenye simu za watu. Nasema rekodi ndefu, ya saa kwa saa, ambayo ukiianza baada ya isha unajua kulala leo ni kwa bahati.

Kazi yangu ni ukedi, hapa Pwani. Nabeba begi la mtu, nahesabu hatua, nasoma grini, yale majani mafupi yanayozunguka shimo, na maneno nayatoa pale ninapoulizwa. Mtu anayetembea nyuma ya mchezaji kwa saa nne anamjua kwa miguu kabla ya kumjua kwa mikono. Mzee akianza kukanyaga kwa ubavu wa kiatu kufikia shimo la sita, mimi najua mpira wa shimo la saba utakwenda kulia, na naanza kuutafutia njia huko mapema. Kwa hiyo Tiger Woods nilikuwa nimeshamtazama mara nyingi kwenye vipande, nikampenda kama kila mtu, lakini goti lake sikuwa nimeliona. Kipande kinakuonyesha mpira unaingia shimoni na mtu anapiga ngumi hewani. Ule mwendo wa kutoka pigo moja hadi jingine hukatwa wote, na maumivu ya Tiger wiki ile yalikuwa humo humo kwenye mwendo.

Habari yenyewe ni hii, kwa asiyeijua. Kano ya goti lake la kushoto, ile ambayo mashabiki wa kandanda wanaijua kwa jina la ACL, ilikuwa imekatika tangu 2007. Aprili 2008, siku mbili baada ya kumaliza wa pili kwenye Masters, mashindano mengine makubwa ya gofu, nyuma ya Trevor Immelman, akafanyiwa upasuaji wa kusafisha gegedu. Alipoanza kujifua tena, ukapatikana ufa kwenye mfupa wa muundi, na si mmoja, ni miwili. Kocha wake wa wakati huo, Hank Haney, alikuja kusimulia kwamba daktari alishauri wiki kadhaa za magongo, na Tiger akajibu kwamba anakwenda kucheza US Open na atashinda. Ulimwengu wakati ule uliambiwa habari ya upasuaji tu. Nyufa na kano vilitangazwa baada ya kombe kuinuliwa.

Hapo ndipo rekodi hii inapokuwa tamu kuliko hata matangazo ya moja kwa moja yalivyokuwa. Watangazaji hawajui. Wewe mtazamaji wa leo unajua. Unawasikia wakisema goti bado linamsumbua tangu upasuaji, huku macho yako yanaona mtu anaupindisha mwili wote juu ya mfupa uliopasuka. Mchezaji wa mkono wa kulia mguu wake wa kushoto ndio nguzo. Nguvu zote za draiva, fimbo ya mapigo marefu, zinamalizikia pale, goti linazunguka na kubeba uzito kwa wakati mmoja. Tazama baada ya pigo refu la kwanza la shimo: uso unakunjamana, mara nyingine anajiinamia, mara nyingine fimbo inageuka mkongojo kwa hatua mbili tatu. Kisha anaanza kutembea. Uwanja wa kusini wa Torrey Pines, pale San Diego juu ya majabali ya Pasifiki, ulipangwa yadi 7,643 wiki ile, mrefu kuliko wowote uliowahi kuchezewa US Open hadi siku hiyo, na kigari hakuna.

Jumapili aliianza vibaya. Shimo la kwanza alilimaliza mipigo miwili juu ya kiwango, kama alivyofanya Alhamisi na Jumamosi, utadhani shimo lile lilikuwa na deni naye. Mimi kama kedi hapo ningekuwa nimeshanyamaza kabisa. Lakini nenda hadi shimo la 18, na usisogeze mbele.

Rocco Mediate, mpinzani wake, ameshamaliza. Ana miaka 45, wa 158 duniani, mgongo wake wenyewe umemtesa miaka mingi, na sasa amesimama ndani akitazama televisheni kama mimi na wewe. Ili alingane naye, Tiger anahitaji kulimaliza shimo la kiwango cha mipigo mitano kwa minne, la sivyo kwaheri. Pigo la kwanza linaingia kwenye bunka, yaani shimo la mchanga, la kushoto. La pili linaishia kwenye majani marefu upande wa kulia. Zimebaki yadi 101. Sasa mtazame Steve Williams, kedi wake, badala ya kumtazama Tiger. Yadi zile kwa Tiger si za fimbo ya nyuzi 60, ile yenye uso uliolala inayorusha mpira juu, ni za fimbo yenye nguvu zaidi. Lakini kutoka kwenye majani yale, na bendera ilivyosimama karibu na ukingo wa kulia, fimbo ile nyingine ingeutupa mpira mbele ukaenda zake bila kushika. Williams akashikilia nyuzi 60, upigwe kwa nguvu zote, uanguke kwa kusimama. Kedi anayemwambia bosi wake kitu kama hicho kwenye shimo la 72, la mwisho la siku nne, huku bosi ameumia na hajazoea kubishiwa, huyo ndiye kedi. Wenzangu wengi, nami nikiwemo, tungetaja yadi na kutazama viatu.

Mpira ukatua kama futi 12 kutoka shimoni. Ni jioni na grini zimekanyagwa siku nzima. Kwenye vipande unaona mpira unaingia. Kwenye rekodi ndefu unamwona anazunguka, anachuchumaa upande wa chini kusoma mteremko, na kuinuka kwake si kwa mtu wa miaka 32. Akapiga. Mpira ukarukaruka njia nzima, ukaelekea kulia, ukagusa mdomo wa kulia wa shimo, ukazama. Kwetu ilikuwa alfajiri ya Jumatatu, na nadhani waliokuwa macho walikuwa wachache: makedi, walinzi na waliokuwa wakingoja adhana.

Siku ya pili yake, kwa kuwa walilingana, marudiano ya mashimo 18. USGA waliufuta utaratibu huo mwaka 2018, siku hizi wanarudia mashimo mawili, na mimi sikufurahi, ingawa magoti ya wachezaji pengine yalifurahi. Hapa anayekuibia moyo ni Rocco. Anaongea na kila mtu, anacheka, ana bizimu ya mkanda yenye alama ya amani, na baada ya kuachwa mipigo mitatu kufikia shimo la 10 anarudi hadi anaongoza kwa moja wakisimama kwenye tii ya 18, pale shimo linapoanzia. Tiger safari hii anaifikia grini kwa mipigo miwili, tena anamaliza kwa minne, wote 71. Wakarudishwa shimo la 7, anayekosea ametoka. Rocco akaingia bunka, pigo la pili likapotelea kushoto karibu na majukwaa, Tiger akamaliza kwa mipigo minne iliyotarajiwa. Mashimo 91 kwa miguu. Kombe lake kubwa la 14, yaani la yale mashindano manne makuu ya gofu. Siku mbili baadaye akatangaza kwamba mwaka wake umekwisha, na kabla ya Juni kumalizika goti likafunguliwa upya. Kombe kubwa la 15 alilisubiri hadi Masters ya 2019.

Kasoro zipo. Kamera za Jumapili zinamkimbia Tiger ovyo kwenda kwa wachezaji wengine kama Lee Westwood. Naelewa, ndiyo televisheni, lakini mara nyingi zinaondoka pale pale anapoanza kutembea. Pili, ukiitazama siku ya mwisho peke yake hupati Ijumaa, aliporudi kwa mashimo tisa ya mipigo 30, wala Jumamosi jioni, alipoingiza puti (pigo la kusukuma mpira kwenye grini) ndefu mno shimo la 13, akatumbukiza mpira kutoka nje ya grini shimo la 17, na akalimaliza shimo la 18 mipigo miwili chini ya kiwango. Itakubidi ukavitafute hivyo kando, tena kwa vipande. Tatu, picha ni ya 2008. Kwenye simu inatosha na bando halilii sana, kwenye televisheni kubwa ya klabu mpira hewani unautafuta kama sindano. Na kama hujazoea Kiingereza cha watangazaji wa Marekani wanaopokezana bila kupumua, zima sauti, hupotezi kitu.

Sasa neno langu kuhusu ushujaa, maana najua kuna mtu atakuja kuniambia yule alikuwa mjinga, si shujaa. Huenda ni vyote viwili. Ben Hogan alishinda US Open hii hii kwenye uwanja wa Merion mwaka 1950, miezi 16 baada ya gari lake kugongana na basi, miguu imefungwa bendeji, na hakuna anayemwita mjinga. Mimi namhusudu Tiger kwa kichwa zaidi ya goti: maumivu yalimpunguzia mwili, hayakumpunguzia hesabu. Ila sitaki kijana wa kedi anayechipukia aitazame rekodi hii akaenda kucheza na kifundo kilichovimba. Tiger alikuwa na daktari, na kuacha kucheza kulikuwa kumgharimu kombe. Kwetu kedi mwenye goti bovu anabeba begi kwa sababu siku bila begi ni siku bila unga, na hakuna kamera inayomtazama akichuchumaa.

Nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimeizuia kwa ajili ya zile kamera zinazokimbia. Mwenye muda mfupi aanze Jumapili pale Tiger anapofika tii ya 18, kisha aruke hadi marudiano na asikate tena. Na ukiweza, itazame na mtu anayecheza gofu, kwa sababu pigo la pili la Rocco shimo la 7 lazima mtabishana.