"Gesi imekwisha, mama": uzoefu wangu na fundi wa AC Malindi

Nianze na haki yake: alifika saa ile ile aliyosema. Aliyewahi kumngoja fundi Malindi anajua uzito wa hilo. Basi, nimemaliza kumsifu.

Ilikuwa kaskazi, Ramadhani inakaribia, na joto la hapa Shella lilikuwa lile la kuoga ukatoka jasho kabla hujajifuta. AC nyumbani ni moja tu, iko chumbani kwa mama yangu, na mama ni mtu mzima, bila hiyo halali. Usiku mmoja akaniita: "Mwanangu, mvua yanyesha ndani?" Kuingia, nakuta maji yanamdondokea miguuni, godoro limerowa, ukutani yamechora mstari unaoelekea kwenye swichi. Nikazima, nikatega beseni, nikakaa nikimpepea kwa pepeo mpaka alfajiri.

Asubuhi ndipo nikampigia fundi wa duka moja mjini, jina silitaji. Akaja, tukasalimiana vizuri, kisha akachungulia nyuma yangu.

"Mzee yuko?"

Nikamwambia mzee hayupo, na aliyempigia simu ni mimi.

"Sawa mama, lakini ningezungumza na mzee. Haya mambo ya AC yana ufundi mwingi."

AC hiyo nilinunua mimi, kwa pesa zangu za mchezo. Tokeni za umeme natia mimi. Aliyekesha na beseni ni mimi. Yeye anamtaka mzee, ambaye yuko Mombasa kikazi na hata rimoti hajui inawekwa wapi!

Akapanda kistuli, akafungua kifuniko, akapitisha kiganja penye upepo, akashuka. Kikombe kimoja cha kahawa chungu hujakimaliza. "Gesi imekwisha, mama. Elfu sita."

Nikamuuliza, ikiwa gesi imekwisha, mbona chumba kilikuwa baridi mpaka mama anajifunika shuka mbili? Na haya maji ni ya nini? Akacheka kile kicheko anachochekwa mtoto, akaniomba namba ya mzee. Nikampa, maana nilitaka kuyaona mwenyewe. Mume wangu akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia: "Mimi hata kuiwasha sijui. Zungumza na mwenyewe." Wallahi siku ile nilimpenda upya. Nikampa fundi elfu moja yake ya kuja, nikamfungulia mlango.

Jioni akaja mtoto wa kaka yangu. Siku hizi ana tuktuk, lakini zamani alikuwa akitunza nyumba ya Waitaliano fulani, na huko AC zilikuwa kila chumba. Kistuli hakukigusa. Alizima umeme wa AC ukutani, akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Nyuma ya nyumba! Fundi wangu wa elfu sita hata hakuuliza kama nyumba ina nyuma.

AC ikipoza hewa, unyevu wa hewa ile hugeuka maji, na hapa kwetu pwani unyevu ndio mwingi. Maji hudondoka kwenye trei iliyo ndani ya mashine, kisha huteremka kwa paipu mpaka nje, yenyewe tu, kwa mteremko, hakuna kinachoyasukuma. Paipu ikiziba, trei hujaa, na ikijaa humwagika kwa mama.

Kijana akaenda kuazima mashine ya kuvuta vumbi, ile inayovuta na maji, kwa jamaa wanaoosha magari. Akaipachika kwenye mdomo wa paipu, akazungusha tambara bichi pasipite hewa, akawasha. Dakika moja hivi, kimya. Kisha ikanguruma, ukatoka ute mweusi kama mlenda uliochacha, na harufu yake msiniulize. Nikataka tupulize pia kwa upande huu kuhakikisha. Akanizuia: "La, shangazi, ukipuliza uchafu unarudi kwenye trei, na paipu yaweza kuchomoka kwenye kiungo huko ndani ya ukuta." Akaosha chujio, lililokuwa limevaa koti la vumbi (mama hufukiza udi kila magharibi, nashuku na moshi wake umo), akamimina siki kidogo kwenye trei, akasukumia maji taratibu. Nje yakatoka kama mfereji.

Sasa hapa naona haya kidogo. Aliyeziba paipu, kwa kiasi fulani, ni mimi. Yale maji huyakinga kwa dumu la lita 5, ya kupigia deki, na mpira wa mwisho wa paipu nilikuwa nimeuchomeka ndani ya dumu mpaka kitakoni usichomoke kwa upepo. Dumu likijaa, mdomo wa paipu unazama majini, hewa haina pa kutokea, maji yanasimama ndani, na palipo na maji yaliyosimama ute hufanya makao. Kijana ameukata mpira, sasa unaishia juu ya mdomo wa dumu.

Na niseme ukweli wote: gesi ikipungua, AC huweza kuvuja kweli, kwa kuwa ndani huganda barafu na barafu ikiyeyuka humwagika. Kwa hiyo neno lake si uzushi mtupu. Lakini kwangu hapakuwa na barafu hata punje, na alikuwa amefungua kifuniko, ana macho. Tena gesi ya AC si ya jikoni kwamba inapikiwa mpaka iishe. Imefungiwa, ikipungua pana tundu, na tundu hakulitafuta. Alikuwa anamtafuta mzee.

Nyota moja. Basi ziwe mbili, kwa kufika kwa wakati, na kwa friji yangu aliyoitengeneza mwaka juzi na mpaka leo haijasumbua. Nikikumbuka kile kicheko, moja.

Juzi jirani kaniomba namba yake, feni ya AC yake inapiga kelele. Nimempa. Nikamwambia mumewe ajifungie chumbani mpaka kazi iishe.